Muhuri Uliokosea Karatasi

Jumamosi iliyopita niliamka saa kumi na mbili asubuhi, nikatoka uani, nikautazama Mlima Meru kuona kama umejifunika wingu. Ulikuwa umejifunika hadi shingoni. Kwa miaka yote niliyofanya kazi chuoni, wingu la namna hiyo siku ya milango wazi lilitosha kunitia homa: viti viko nje, hema limeinamia upande mmoja, mabango yameanza kulia wino. Safari hii nililitazama tu, nikaliambia karibu, nikarudi kitandani. Watu wanapenda kuniuliza kiinua mgongo kilikuwaje. Mgongo wangu uliinuka siku hiyo, pale nilipoulaza tena.

Ninyi vijana wa ofisi ya udahili mliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye mwongozo wa kazi. Haya, nimekaa, nimeandika. Vyeo sikuviweka, havikuwa vingi, na kimoja kilikuja na ufunguo wa stoo basi. Mishahara ulizaneni wenyewe. Nitawaambia habari za viti, kengele, wakili, na cheti kimoja ambacho nusura kinitoe roho.

Nililelewa mjini, katika nyumba za zamani, familia sita na bomba moja, na mama yangu aliuza mitumba soko la Kwa Mrombo. Sokoni nilijifunza mambo mawili. La kwanza, mteja haulizi shati analolitaka. Anaanza na lile la pembeni. La pili, mzigo unahesabiwa mara mbili, unapofika na unapoondoka. Nilipopata kibarua cha kupokea wageni kwenye chuo kipya cha uzamili upande wa mlimani, nilikwenda na mafunzo hayo mawili na viatu vya kuazima.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa siku yetu ya kwanza ya milango wazi, ile siku tunayowaita watu wenye shahada waje waone chuo, waonane na walimu, waulize, waondoke na fomu. Nilipanga viti mia mbili. Nikavihesabu, nikavirudia. Wageni walikuja kumi na mmoja. Kati yao wawili walikuwa wanapita barabarani, wakaona hema na viti, wakadhani kuna msiba. Mmoja alivua kofia akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana, dada. Marehemu aliugua muda mrefu?"

Kabla sijapata la kusema, sauti nzito ilimjibu kutoka nyuma yangu. "Hajafa mtu, bwana. Ila kaa tu, soda ipo. Wewe una shahada?"

"Ninayo. Ya kilimo."

"Basi hukupotea."

Yule bwana alimaliza uzamili wake kwetu. Mpaka leo tukikutana mjini ananipa pole.

Sauti nzito ilikuwa ya Mzee Loishiye, karani wa masijala, mwenyeji wa Terrat. Alipita katikati ya makabati ya mafaili kama mtu anayepita katikati ya mifugo yake, akimgusa huyu, akimsukuma yule kidogo kwa nyonga. Wiki yangu ya pili alinikuta nimepiga magoti mbele ya kabati.

"Yeyo," akaniita, yaani mama kwa Kimaasai, ingawa nilikuwa wa umri wa binti yake. "Unafanya nini huko chini?"

"Nahesabu mafaili, mzee."

"Si ulihesabu jana?"

"Narudia."

Akacheka kwa pua. "Sisi nyumbani ng'ombe hatumhesabu. Ni mkosi. Jioni wakiingia bomani unasimama mlangoni, unawatazama usoni. Anayehesabu anajua wako wangapi. Anayetazama anajua nani hayupo."

Nilimwona mzee wa mila, nikaitikia kwa adabu, nikamaliza kuhesabu. Mafaili sitini na nane, kama jana. Ilinichukua miaka mingi kuelewa alichoniambia siku ile, na nilikielewa kwa gharama.

Mzee alinifundisha pia kazi ya kengele. Ilikuwa kengele ya mbuzi, ya bati, sauti yake mbaya makusudi. Maprofesa wetu ni watu wazuri, lakini mpe profesa kipaza sauti mbele ya wageni waliotoka nyumbani alfajiri, atawaeleza udongo tangu Mungu alipouumba. Kwa hiyo kila mwaka wiki moja kabla nilizunguka ofisini kwao kupatana dakika. Profesa wa udongo anataka arobaini. Nampa nne. Anashika kichwa. Nainuka kama naondoka. Anaita, "Mama Zuhura, rudi, tuzungumze." Tunafunga biashara kwenye saba, halafu siku yenyewe napiga kengele kwenye ya sita, maana najua ana moja mfukoni. Mzee Loishiye alipostaafu aliniachia kengele hiyo ikiwa imefungwa kwenye gazeti, bila hotuba. Ninyi mmeikuta kwenye droo ya chini. Msiibadilishe na ile ya simu. Mbuzi anaheshimiwa zaidi.

Kuhusu wageni nitasema machache. Mtu akija mezani akauliza, "Eti hosteli zina maji?", msimjibu haraka habari za maji. Hakutoka Babati na giza kuja kuuliza maji. Hilo ni shati la pembeni. Mpeni kiti, mwacheni azunguke. Swali la tatu au la nne ndilo lake: nina miaka arobaini na tano, nitakuwa kichekesho darasani? Shahada yangu ni ya daraja la chini, nirudi nyumbani? Kuna mwanamume alinijia akasema, "Mke wangu anaulizia masomo ya jioni." Mkewe alikuwa amesimama hapo hapo ubavuni mwake, mdomo wake mzima. Nikamgeukia yeye: "Shemeji huyu anasema unaulizia masomo ya jioni." Akasema, "Mimi nataka ya mchana." Wakaanza kuzozana, nikawasogezea viti. Siku hiyo nilijua nimefanya kazi.

Shida kubwa ya meza yetu ilikuwa vyeti. Maombi yalitaka kopi ya cheti iliyopigwa muhuri na wakili, na watu walikuja na vyeti halisi mikononi lakini kopi hawana. Ukimwambia mtu ashuke mjini akatafute wakili kisha arudi, umeshamuaga. Nikapatana na Wakili Mushi, kijana mcheshi aliyekuwa ndiyo kwanza amefungua ofisi: akae mezani kwetu nusu siku awapigie watu muhuri bure, na sisi tumpe kivuli, pilau, na watu mia wa kumjua sura. Alitaka na kuku. Tukakubaliana kuku awe ndani ya pilau.

Utaratibu ulikuwa wangu mwenyewe, na niliujivunia. Nampokea mtu na bahasha yake ya kaki, natoa cheti, nakipitisha kwenye mashine ya kopi, kisha nalaza karatasi mbili mezani: cheti kushoto, kopi kulia. Wakili amekaa ubavuni kwangu. Anatazama kushoto, anapiga muhuri kulia, ule unaosema kwamba karatasi hii ni nakala sahihi ya cheti halisi, anasaini. Yenye muhuri naitia kwenye sanduku la maombi, isiyo na muhuri inarudi kwenye bahasha ya mwenyewe. Mbili zimeingia, mbili zimetoka. Nahesabu, narudia. Miaka na miaka haikupotea karatasi moja.

Sasa ule mwaka wa mvua iliyong'oa hema, mashine yetu ilikuwa mbovu, tukakodi nyingine, mpya, ya rangi. Mwenye mashine alitaka kutuonyesha ubora wake, akaipakia karatasi nzito za kadi. Kopi zilizotoka zilikuwa nzuri hata zikatia aibu baadhi ya vyeti.

Karibu saa tano alifika mezani mwalimu mmoja wa kemia, Ndeshi Pallangyo, ametembea kutoka juu Nkoaranga kwa njia za miguu, viatu vina tope hadi kwenye visigino. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, nikampa kiti.

"Mama, naomba kuuliza. Maji ya hapa chuoni ni ya wapi?"

Nikajisemea, haya, shati la pembeni hilo. Nikasubiri swali la tatu. Kumbe kwake maji ndiyo yalikuwa swali lenyewe. Ndeshi akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Kwetu huku hakuna anayeuliza sababu. Maji ya visima vyetu vingi yana madini yanayopaka meno rangi ya chai, na yakizidi yanapinda watoto miguu. Alikuwa ameshaanza kujaribu kuyachuja na wanafunzi wake kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwenye ndoo, nyuma ya jiko la shule. Alitaka kusoma ayafanye hayo sawasawa.

Na alikuwa na nafasi. Wadhamini wa masomo walikuwa wamemchagua kwa usaili, keshokutwa yake, Jumatatu, saa tatu asubuhi, hapo hapo chuoni kwetu. Mwajiri wake alikuwa amemruhusu kwa mwaka huo tu. Barua ya usaili alinionyesha, na mstari wa mwisho ulikuwa umekolezwa wino: aje na cheti halisi, asiye nacho asisumbuke kuja.

"Cheti unacho?"

"Ninacho, mama. Mama yangu ndiye anakitunza." Akatoa bahasha iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kitenge.

Hapo mvua ikaanguka. Haikunyesha, ilianguka. Hema liling'oka kona mbili. Shabani dereva, tuliyeajiriwa naye mwaka mmoja, alishika meza upande mmoja nikashika mwingine, tukakimbia nayo hadi ukumbini, Wakili Mushi nyuma yetu amekumbatia muhuri kama mtoto. Tukatua, tukajifuta, tukaendelea. Wa kwanza alikuwa Ndeshi. Nikatoa kopi, nikalaza cheti kushoto na kopi kulia. Wakili akapiga muhuri. Kisha akalalamika kwamba upepo wa mlangoni unampiga kifuani, akaja kukaa ubavuni kwangu kama zamani, na watu waliobaki wakaendelea vizuri.

Mmeshaona? Mimi sikuona. Ukumbini, kwa mtu mmoja tu, wakili alikuwa amekaa mkabala na mimi. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake.

Jioni nilihesabu. Bahasha zilizorudishwa, kwa orodha yangu, arobaini na tatu. Karatasi kwenye sanduku, arobaini na tatu. Nikarudia. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Jumapili, watu wametoka kanisani, simu ikalia. "Shikamoo mama. Ni Ndeshi, yule mwalimu. Samahani kukusumbua Jumapili." Nikamwambia aendelee. "Mama yangu anasema cheti hiki siyo chenyewe."

"Kina jina lako?"

"Kina jina langu."

"Kina picha ya nembo, saini, kila kitu?"

"Vyote vipo. Lakini anasema siyo."

"Mama yako anasoma?"

"Hasomi."

Nikapumua. Kwa nusu dakika nilipumua vizuri kabisa. Kisha nikasikia mama mwenyewe amechukua simu, anasema kwa sauti ya kuamrisha, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimeru: "Wee mama wa chuo! Kovu yake iko wapi?"

"Kovu gani, mama?"

"Cheti ya mwanangu ina kovu. Hapo chini. Kila nikikitoa sandukuni napitisha kidole. Hii yako ni laini kama shavu la mtoto. Rudisha ile yenye kovu."

Nilielewa anachosema. Vyeti vile vina muhuri wa kubonyeza, usio na wino, unaoacha uvimbe kwenye karatasi. Mashine ya kopi inauchora kivuli chake. Kidole hakidanganyiki na kivuli.

Nilimpigia Shabani, akaja na gari la chuo amevaa kanzu yake ya nyumbani, akanipeleka ofisini. Nikafungua sanduku. Nikahesabu arobaini na tatu. Nikarudia, arobaini na tatu. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Loishiye mlangoni pa boma lake. Nikazimwaga mezani, nikaacha kuhesabu, nikaanza kuzitazama moja moja na kuzipitishia kidole. Laini. Laini. Laini. Ya kumi na saba ikanikwaruza.

Kilikuwa cheti cha Ndeshi, chenyewe, na kovu lake. Na kando ya kovu, kwa wino wa bluu mzuri uliokauka vizuri, muhuri wa Wakili Mushi ukiapa kwamba hii ni nakala. Cheti halisi kilikuwa kimekana kuwa ni chenyewe, kwa saini ya wakili.

Wakili Mushi tulimkuta kwake anaosha gari. Alikitazama, akakigeuza, akakaa kwenye ndoo.

"Mama Zuhura, mbona tumekwisha."

"Wewe umekwisha. Mimi nimeanza kwisha. Unaweza kuufuta?"

"Kwa wembe, polepole..." Akakisogeza kwenye mwanga. "Hapana. Kitatoboka." Kisha akaipokea ile picha niliyokuwa nimetumiwa na Ndeshi kwenye simu, ile kopi aliyorudi nayo nyumbani, akaitazama kwa muda. "Lakini kopi imetoka vizuri mno. Kesho akienda nayo hiyo, nani atajua?"

Sitawadanganya. Mimi ni mtu wa sokoni, na sokoni nimeona shati la Arusha likiuzwa kama la Italia. Kopi ilikuwa safi kuliko cheti. Ndeshi angeingia, angeionyesha, angetoka, na mimi ningebaki na miaka yangu ya karatasi isiyopotea. Nililipima hilo neno mara mbili, kama kawaida yangu. Shabani alikuwa ameegemea gari, anajifanya hasikii.

Nikampigia Mzee Loishiye, Terrat. Alikuwa amestaafu zamani. Nikamweleza yote, na lile la kopi pia.

Nikasikia mbuzi wake nyuma. "Yeyo. Ng'ombe wako akipigwa chapa ya boma la watu kwa bahati mbaya, unamfanyaje?"

"Sijui, mzee. Sijawahi kuwa na ng'ombe."

"Humchuni ngozi. Wala huendi sokoni na ng'ombe mwingine anayefanana naye. Unakwenda na huyo huyo na chapa yake, na aliyempiga chapa anakwenda naye kwa miguu yake, anasema mbele ya watu: ni mkono wangu. Na aliyekuwa ameshika kamba anasema na yeye."

"Aliyeshika kamba ni mimi."

"Nimekusikia. Vaa vizuri."

Kwa hiyo Jumatatu, saa mbili na nusu, mlangoni pa chumba cha usaili tulikuwa wanne. Ndeshi, macho mekundu, kopi ya bahati mbaya mkononi. Wakili Mushi kwenye suti, na hati ya kiapo aliyoichapa usiku huo kwa vidole vyake. Mimi na cheti. Na mama yake Ndeshi, mfupi, kitenge na koti la mwanamume, aliyeshuka na binti yake njia nzima bila kualikwa. Alinipokonya cheti, akapitisha kidole, akaguna, akakifunga kwenye kitenge chake.

"Nitaingia nacho mimi," akasema.

"Mama, usaili ni wa mwalimu peke yake," nikamweleza.

"Juzi kilikuwa na wewe. Kilirudi?"

Nikamfungulia mlango. Tukaingia wote.

Nyuma ya meza walikaa watu watatu, na mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, aina ya mtu ambaye hata mimi nisingejaribu kumpunguzia dakika. Akatutazama, akahesabu.

"Nilimwita mmoja."

"Shikamoo," wote watatu wakamwamkia mama yake Ndeshi kwa mkupuo, maana umri ni umri. Akaitikia, akakifungua kitenge, akaweka cheti mezani. Mwenyekiti akakisoma, akafika chini, akasimama hapo.

"Mwalimu, tuliandika cheti halisi. Hiki chenyewe kinasema ni nakala."

"Kinasingiziwa, mheshimiwa," Wakili Mushi akasema. "Na aliyekisingizia ni mimi." Akaweka hati yake ya kiapo.

"Na aliyemwekea upande usio wake ni mimi," nikasema. Nikawaeleza mvua, meza, kushoto na kulia. Sikupunguza kitu. Nilipomaliza, mwenyekiti hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameweka karatasi mbili sambamba, cheti chenye muhuri na kopi isiyo na muhuri, na anazitazama kama mtu aliyepewa pacha achague.

"Kwa macho," akasema polepole, "mimi ningesema hii ndiyo halisi." Akagusa kopi.

Ndeshi aliinama.

"Acha macho," mama yake akasema. "Leta kidole."

"Samahani, mama?"

"Kidole! Wewe si una kidole? Fumba macho."

Wale wawili wa pembeni walitazamana. Nilidhani tumefukuzwa. Lakini mwenyekiti alivua miwani, akaiweka mezani, akafumba macho kweli, na mama yake Ndeshi akamshika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, akampitisha kwenye kopi, kisha kwenye cheti. Kidole kikafika kwenye kovu, kikasimama. Kikarudi. Kikapita tena.

"Chenyewe," mwenyekiti akasema, bado amefumba.

"Ndiyo chenyewe. Mimi nakijua tangu siku alipokileta."

Mwenyekiti akavaa miwani. Akaichukua ile kopi nzuri, akaichana vipande viwili, akavitia kapuni. Kisha akasema, "Hati ya kiapo ibaki. Wakili na huyu mama wa udahili, tokeni. Mwalimu, kaa. Hiyo mifupa unaichoma kwa joto la kiasi gani?"

"Na mimi?" mama yake Ndeshi akauliza.

"Wewe kaa hapo pembeni utunze cheti."

Nje niliketi kwenye ngazi, na Wakili Mushi akaketi chini yangu na suti yake. Baada ya dakika arobaini na tano mlango ulifunguliwa, na kabla sijamwona Ndeshi nilimsikia akicheka na mtu huko ndani. Alitoka bado anacheka. Kiganja hakikuwa mdomoni. Majibu rasmi yalichukua wiki tatu, lakini mimi yangu niliyapata pale. Kuna pumzi mtu anaishikilia bila kujua tangu Jumapili. Niliiachia pale kwenye ngazi.

Msajili aliniandikia barua ya onyo, imeanza na 'Ndugu Mtumishi' bila jina, ikaingia kwenye faili langu, na alikuwa na haki. Tangu hapo mezani kwetu kukawa na sheria ambayo mmeikuta bila kuambiwa ilikotoka: kabla karatasi hairudi kwenye bahasha, mwenyewe anaigusa mbele yetu. Wengi wanadhani ni usalama wa kisasa. Ni mama mmoja wa Nkoaranga. Ndeshi alimaliza uzamili, akaendelea na uzamivu, na siku yangu ya mwisho ya milango wazi ndiye aliyesimama kuwaambia wageni habari za maji. Tulipatana dakika nane. Alikwenda ishirini na mbili. Kengele nilikuwa nayo mkononi. Sikuipiga, na profesa wa udongo hajanisamehe.

Tulistaafu siku moja, mimi na Shabani. Ofisi ya utumishi ilitupa kila mtu bahasha ya kaki yenye karatasi zake kutoka kwenye faili. Nilifika nyumbani nikahesabu: sita. Kwenye orodha ya juu, sita. Nikarudia: sita. Nikataka kuiweka kabatini, mkono ukagoma. Nikazitoa, nikazitazama moja moja usoni. Ya nne ilikuwa kopi ya leseni ya udereva, daraja la magari makubwa, na mimi sijawahi kushika usukani.

Nilikuwa bado nimeishika, nacheka peke yangu, simu ikaita.

"Mama Zuhura," Shabani akasema, amekasirika kweli, "hebu niambie wewe uliyekuwepo. Mimi niliharibu cheti cha mtu lini? Mbona nina barua ya onyo hapa, ina muhuri, ina saini ya Msajili?"

"Pitisha kidole kwenye muhuri."

Nikasikia karatasi ikichakarika. "Una uvimbe."

"Basi itunze vizuri, Shabani," nikamwambia. "Hiyo ni orijino."